Maji ya Mama Sabina

Mwaka jana, kwenye mazishi ya Mama Sabina, mtani wake mmoja alisimama katikati ya waombolezaji amejifunga kitenge kichwani kama mwanamke, ndoo ya maji mkono huu na kata mkono huu. Akatembea kwa kuchechemea, jinsi marehemu alivyotembea uzeeni, akawa anawamiminia watu maji kwenye vikombe vyao vya chai huku akisema kwa sauti nyembamba, "Karibuni ulanzi, wanangu, umegemwa leo asubuhi!" Watu wakaangua kicheko. Hata Sabina, bintiye, aliyekuwa amelia tangu jana yake mpaka sauti ikamkauka, alicheka akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Utani wa msibani ndivyo ulivyo, hauna kosa. Mimi ndiye niliyeshtuka. Kijana mmoja alikuwa akimweleza mgeni mwenzake kwamba pale kijijini mtu akikuuzia maziwa mepesi unamwambia amekutilia maji ya Mama Sabina. Msemo wa zamani huo, akasema, hata haijulikani ulianzaje. Binti yangu, aliyenileta kutoka Mbeya kwa gari lake, akaniinamia sikioni: "Mama, maji gani hayo?" Nikamjibu, "Mambo ya zamani tu," kisha nikacheka pamoja nao. Nauandika ukweli huo mwanzoni kabisa ili nisije nikaukwepa mbele ya safari. Msemo ule ulianzia kinywani mwangu, karibu miaka hamsini iliyopita, na nilidhani ulikufa mwaka uleule.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nina miaka ishirini na mmoja, mwalimu wa elimu ya watu wazima, bado niko kwenye majaribio ya kazi. Nilipelekwa kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Iringa, chini ya mlima, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Chumba changu kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Sabina. Kuta zilisilibwa kwa udongo mwekundu, dirisha lilikuwa dogo kiasi cha kupitisha kichwa cha kuku, na kitanda cha kamba kililia kila nilipogeuka. Sabina alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mama yake alinilisha mimi badala yake. Nilikula ugali na uyoga wa mvua za kwanza, nikala maharage yaliyoungwa kwa karanga, na siku za Jumapili wali wa mchele wa Ubaruku uliokuwa ukinukia mpaka barabarani. Alikuwa mjane, mrefu, mkimya, mwenye vidole vigumu kama vya seremala. Jioni alikaa benchi la mbele katika darasa langu akichonga herufi kwenye ubao wake mdogo, ulimi nje kidogo, na akikosea alijicheka mwenyewe kabla sijamcheka. Asubuhi na jioni alishuka bondeni kugema. Kule mmea ni mlanzi, aina ya mwanzi: chipukizi hukatwa ncha, hufungwa kipande cha mwanzi kitupu kinachoitwa mbeta, na maji yanayodondoka humo ndiyo ulanzi. Ukiunywa siku hiyohiyo ni mtamu na mpole, wanauita togwa. Ukiuacha ulale unakuwa mdindifu, na huo humwangusha mwanamume aliyeshiba. Hupatikana wakati wa mvua tu. Kiangazi wanawake walipika komoni, pombe ya nafaka, na wanaume walikunywa komoni yao huku wakihesabu miezi.

Nilitoka kwetu nikidhani walevi wote ni wamoja. Kilabu cha pale kilinitoa ushamba huo Jumapili ya kwanza. Banda la nyasi, magogo ya kukalia, na wanaume wamekaa baada ya kanisa, wamevaa makoti, wakibishana juu ya pombe kwa makini kuliko walivyobishana juu ya mahubiri. Wakuu wao walikuwa wawili. Mzee Kaleb alikuwa mkalimani wa mahakama aliyestaafu, na kila neno lake lilitoka limepigwa pasi. Fundi Yohana alishona nguo chini ya baraza la duka, tumbo kubwa, maneno mengi, futi ya kupimia shingoni hata siku ya Bwana. Kata moja ilizunguka, kila mmoja akinywa mafunda mawili na kumpa jirani, na hakuna aliyeruhusiwa kusema "mzuri" au "mbaya." Maneno hayo yalikuwa ya wageni. "Hii imegemwa kabla jua halijatoka," Fundi Yohana alisema, amefumba macho. "Hapana, bwana," Mzee Kaleb akajibu. "Imegemwa jua limekwisha kutoka, ila mlanzi wenyewe uko kivulini. Onja tena, usiwe na haraka ya kutoa hukumu." Wakarudia kuonja, wakabishana kama mlanzi ni wa juu ya kijito au chini, kama mbeta ilikuwa mpya au ya mwaka jana. Nilikaa mdomo wazi. Kisha kata ikanifikia, nikanywa kwa adabu, nikasema kwamba mimi nausikia udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo labda mlanzi huo uko pale kijito kinapokata kona. Mama Sabina, aliyekuwa amesimama na mtungi wake, akasema taratibu, "Ni hapo."

Tangu siku hiyo nikapewa jina, Ulimi wa Serikali, maana ndimi zote nyingine zilikuwa za watu binafsi. Walinifunga macho kwa leso, wakanionjesha ulanzi wa akina mama watano, nikawataja wote watano, na Fundi Yohana akapiga magoti akaniomba nimwombee kwa Mungu. Nilivimba kichwa. Siri ya ulimi wangu haikuwa uchawi. Kwetu kimpumu, ile pombe ya ulezi, hunywewa kwa mrija na kutiwa maji ya moto kila inapopungua chunguni, kwa hiyo tangu msichana nilijua kuonja na kusema maji yameingia mara ngapi. Lakini sikuwaambia hilo. Niliwaacha waamini kwamba nilizaliwa nao. Kila Jumapili mimi na wazee wale wawili tulionja mitungi yote, tukachagua ulanzi wa kufungulia kilabu. Uliochaguliwa ulinywewa kwanza, mwenye nao akaketi katikati kama bibi harusi. Mingine ilifuata nyuma yake. Msimu ule Mama Sabina alikaa katikati majuma manne mfululizo, na Mzee Kaleb, ambaye hakuwahi kumsifu hata mkewe, alisimama Jumapili ya nne akasema mbele ya watu wote kwamba katika umri wake hajanywa ulanzi wa namna ile. Mama Sabina alifunika uso kwa khanga. Jioni ile alinisimulia maneno hayo mara tatu tulipokuwa tukimenya viazi, kana kwamba mimi sikuwapo.

Hapo katikati kulikuwa na mambo ambayo mtu mwenye akili timamu angeyaona. Uyoga nilioupenda ulianza kuninukia vibaya. Nilikuwa nikibandua vipande vya udongo ukutani kwangu na kuvitafuna wakati nasahihisha madaftari. Baba wa jambo hili alikuwa Mbeya, na yeye ana hadithi yake ambayo siitaki humu. Nilijiambia ni baridi ya Iringa. Jumapili ya tano Mama Sabina alinipa kikombe changu peke yangu, cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu. "Mwalimu asinywe tena kata ya kuzunguka," akawaambia wanaume, "ana mafua." Sikuwa na mafua. Nilidhani ananipa heshima, nikaipokea kama haki yangu. Nikanywa funda la kwanza, nikalizungusha mdomoni, na moyo ukanipiga paa. Nikanywa la pili kuhakikisha. Ningeweza kuinuka nikamwita pembeni. Ningeweza kunyamaza. Lakini kilabu kizima kilikuwa kinanitazama kinasubiri, na nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa Ulimi wa Serikali. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Huu umetiwa maji."

Sijawahi kuona banda likiganda namna ile. Kata ilikuwa mkononi mwa Fundi Yohana. Akaitazama kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka ndani, akanywa, akafikiri, na mimi nikiwa nimekaa hatua mbili toka kwake nikamwona uso ukibadilika. "Ee," akasema, "kweli kabisa. Hata mimi niliisikia hii maji, nikaona aibu kusema." Nusu saa kabla yake alikuwa ameinywa kata hiyohiyo na kuguna kwa raha! Ikaenda kwa Mzee Kaleb. Akaonja mara tatu. Sasa nikikumbuka naona hofu machoni pake, hofu ya mtu mzima kuachwa nyuma na binti na fundi cherehani. "Yamo," akasema. "Na si kidogo." Kisha akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akamgeukia Mama Sabina. "Kosa ni langu. Nilikusifu Jumapili iliyopita, na wahenga hawakukosea: mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Wengine wote wakafuata, mmoja baada ya mwingine, kila aliyeonja akiyakuta maji. Mama mmoja muuzaji akacheka. Mzee Kaleb akasema sheria ni kumsikiliza mshtakiwa. "Onja mwenyewe, mama, utuambie."

Mama Sabina hakuichukua kata. Alinijia mimi, akachukua kikombe cha bati mkononi mwangu, akanywa mpaka kikaisha, akafuta mdomo. Alinitazama usoni, na sikuelewa mtazamo ule, nikadhani ni chuki. "Maji yamo," akasema. Basi. Akainua mtungi wake, uliokuwa bado robo tatu, akatoka nao. Nilishtuka jinsi alivyokiri upesi, na nikajipongeza moyoni kwamba ulimi wangu haukudanganya.

Majuma yaliyofuata mtungi wake uliwekwa wa mwisho, na kufikia zamu yake watu walikuwa wamekwisha kunywa. Asubuhi nilimwona akiumwaga ulanzi uliochachuka kwenye shimo la taka, polepole, kama mtu anayemwagilia bustani. Hata hivyo alishuka bondeni kila siku na kukata machipukizi yake. Na jambo lililonishangaza kuliko yote: hakukosa darasa hata jioni moja. Alikaa benchi lake la mbele, akaniita Mwalimu, akaandika. Chakula changu kilikuja kwa wakati, kimefunikwa kwa ungo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na kuhamishwa chumba. Sikuwa nimejiandaa kwa maharage ya karanga.

Kama juma la tatu nilianguka darasani, nikapelekwa zahanati. Muuguzi, mama wa makamo, alinibonyeza tumbo, akaniuliza maswali mawili, akaandika kitu, na bila kuinua macho akasema, "Hongera. Umekuwa ukinywa pombe?" Nikasema mara mojamoja, Jumapili. "Acha. Jirani yako mmoja alikuja kuniuliza kama inadhuru mtoto, nikamwambia kama mtu hawezi kuacha, basi hata apunguze na maji." Nikamuuliza jirani gani. "Yule mama mgema, mrefu. Hakutaja mtu, lakini mgeni kijijini ni wewe." Nilikaa pale kwenye kiti cha zahanati, na nilichohisi hakikuwa furaha wala aibu ya mimba. Aibu hiyo ilikuja baadaye. Nilihisi kama mtu aliyepiga hatua gizani akidhani kuna ngazi. Ilikuwa mchana kweupe.

Nilimkuta jikoni akipepeta ulezi. "Mama," nikasema, "yale maji."

"Ulienda zahanati?"

"Nimetoka huko."

"Miezi mingapi?"

"Mitatu kasoro."

"Nilihesabu sawasawa," akasema, akaendelea kupepeta.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Mimba ya mtu inasemwa na jirani? Mwenyewe ndo anaisema, akiwa tayari. Wewe ulikuwa hujaisema hata kwako mwenyewe." Na kwa nini hakuninyima tu pombe? "Ningekunyima, Kaleb angeuliza kwa nini. Yule mzee amezoea mahakama, akianza kuuliza haachi. Nikaona nikupunguzie. Nilichemsha hayo maji, nikayapoza. Maji safi." Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile. "Sikujua kama ulimi wako mkali hivyo."

Nililia, na nikasema nakwenda sasa hivi kuwaambia kwamba maji yalikuwa kwenye kikombe changu peke yake. Akaweka ungo chini. "Utawaambia kikombe chako kilitiwa maji kwa nini? Kwa mafua? Uko kwenye majaribio, huna mume. Watakuita ofisini Iringa, utarudi kwenu bila kazi na tumbo juu. Mimi nina milanzi yangu, haifukuzwi na mtu." Kisha akaniambia alichokuwa amekifikiria, na ilikuwa wazi alikuwa amekifikiria majuma yote yale. Niombe likizo ya ugonjwa nirudi Mbeya kabla mimba haijaonekana. Siku ya kuondoka atakuja njiani na ulanzi, na wazee watakuwepo kuniaga. Nionje mbele yao na kusema maneno mawili tu: hauna maji. "Ulimi wa Serikali ndo ulinifunga," akasema, "Ulimi wa Serikali unifungue. Hutakiwi kueleza lolote. Si watakuamini? Wewe wanakuamini." Nikamwapia. Nilimshika mikono yote miwili, ile migumu, nikamwapia kwa Mungu.

Likizo nilipata. Asubuhi ya kuondoka mvua ilikuwa imepumzika na barabara ilifuka mvuke. Sanduku langu liko miguuni, wanafunzi wangu wamekuja, wengine na watoto mgongoni, na Mzee Kaleb amevaa koti lake la kanisani. Malori ya kwenda Zambia yalikuwa yakipita, yakitutupia tope. Mama Sabina alikuja na kibuyu kidogo kilichofunikwa kwa jani la mgomba na kata mpya kabisa, nyeupe, haijawahi kutumika. Alikuwa amevaa gauni ambalo sikuwahi kumwona nalo. "Kamwene, wazee," akawasalimu, kisha kwangu, kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mwalimu, huu ndio wa mwisho wa msimu. Onja, utupe neno la kuondokea."

"Vizuri sana," Mzee Kaleb akasema, akisugua viganja. "Mimi nimekwisha uonja alipopita kwangu, na nina hukumu yangu. Yale maji bado yamo, ingawa safari hii kayaficha kwa ustadi. Tuone kama Ulimi wa Serikali bado uko kazini au umekwisha staafu kama sisi." Watu wakacheka. Fundi Yohana akasema hata yeye ameyasikia, kwa mbali, upande wa kushoto wa ulimi. Basi la Mbeya likaonekana kwenye kona. Wakageuka wote kunitazama, uso mmoja mmoja, na nyuso zile zilinipenda. Hakuna mahali tangu wakati ule nimewahi kutazamwa hivyo.

Nikanywa. Ulikuwa togwa ya asubuhi ileile, isiyoweza kumdhuru mtoto, ya mlanzi wa kwenye kona ya kijito. Nimeonja vinywaji vingi tangu hapo, vya chupa na vya chungu, vya harusi na vya mabwana wakubwa, na sijaonja kitu kama kile. Mama Sabina alikuwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili, amesogea mbele kidogo, midomo ikimchezacheza kama alivyofanya darasani ninaposoma majibu. Nimetafuta sababu miaka hii yote. Nimejiambia niliogopa maswali. Uongo, hakuna aliyekuwa na swali. Nilimtazama Mzee Kaleb, nikamtazama Fundi Yohana, nikaona kwamba nikisema yale maneno watafikiri ulimi wangu umeshindwa kusikia walichosikia wao, na nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, kwa sauti ya mjuzi, "Mwepesi kidogo."

"Si nilisema!" akapaza sauti Mzee Kaleb, akanipa mkono kwa nguvu. Kondakta alikuwa tayari amepakia sanduku langu. Nilimrudishia Mama Sabina kata yake, na mshtuko niliouona usoni mwake ulikuwa mdogo sana, wa kupepesa macho tu. Akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama walivyofanya wanafunzi wangu wote nikiwasahihisha.

"Asante, Mwalimu," akasema. "Mwakani nitajitahidi."